Commodore 64 ya Marekani kwenye umeme wa Dodoma

Mbukwenyi ndugu zangu! Mmeniomba sana nieleze ile Commodore 64, kompyuta ya zamani ya nyumbani, niliyotoka nayo huku Ohio nikaiwashe kwa mjomba kule Nkuhungu, Dodoma. Haya, leo ndiyo leo.

Kompyuta hii iliingia sokoni Marekani mwaka 1982. Kwetu kuingiza kompyuta kulishapigwa marufuku tangu 1974. Mjomba alikuwa kijana kipindi hicho, hakuwahi kuigusa. Ndiyo maana niliipakata ndege nzima.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Umeme wa huku ni volti 120, hezi 60, yaani mawimbi 60 kwa sekunde. Wa nyumbani ni volti 230, hezi 50. Nikanunua transfoma ya kushusha, nikajua nimemaliza. Kumbe inashusha volti tu, hezi inaziacha vilevile! Lile tofali jeusi la umeme la Commodore limesukwa kwa hezi 60. Ukiliwekea hezi 50, chuma cha ndani kinaelemewa, linachemka. Nusu saa tu nikaligusa, mkono ukaruka. Tena lina ugonjwa wa uzee: likifa, zile volti 5 zinapanda na kuunguza chipu za kumbukumbu. Nikalichomoa palepale. Nawasihi, msilitumie hata kama linawaka.

Fundi mmoja pale Majengo akaniundia jingine: transfoma ndogo ya volti 230 kwenda 9, na adapta nzuri ya volti 5. Akapima kwa mita mara mbili ndipo akaniruhusu kuchomeka. Fundi wa namna hiyo mtunzeni. Saa ya ndani ndiyo itachelewa, kila saa moja itahesabu dakika 50, kwa sababu inafuata hezi za ukutani.

Picha haizifuati hezi hizo. Wengi waliniambia kwa umeme wetu itageuka PAL, mfumo wa picha wa TV za kwetu. Hapana, picha inatoka kwenye kristali na chipu yake yenyewe, kwa hiyo inabaki NTSC, mfumo wa Marekani, picha mara 60 kwa sekunde. Kwenye TV ya chogo ya mjomba ilikuja bila rangi, inapanda juu haitulii. Tukahamia kwa jirani mwenye flati, tukachomeka waya wa njano, tukaingia kwenye menyu, mfumo wa rangi, NTSC.

Buluu ikajaa kioo kizima! Juu imeandikwa 38911, baiti za kumbukumbu zilizo wazi. Mjomba akavuta kiti, akaandika jina lake kwa kidole kimoja, akabonyeza kitufe cha ritani. Mashine ikamjibu kuwa haijaelewa. Akaliandika tena, polepole.