Bolti Iliyokatikia Ndani

Ndugu zangu mafundi, na nyie vijana mnaojifunza, karibuni. Leo nazungumzia bolti moja tu: ile ya eksozi, yaani bomba la moshi, iliyokatikia ndani ya silinda hedi, kile kichwa cha injini. Nimeichagua kwa sababu taabu zote zimekutana hapo. Joto la injini linaipiga kila siku, na kwa magari yetu ya Tanga, Mombasa na Dar es Salaam, upepo wa bahari unaleta chumvi. Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo inajaa kwenye meno na kuibana bolti kama kabari.

Kazi huharibika kabla hata haijakatika. Ukihisi spana inakwenda lakini mkono unapata ulaini usio wa kawaida, simama. Hiyo haifunguki, inajisokota. Irudishe kidogo kwa kuikaza, tia mafuta ya kupenyeza, igonge kichwani kwa nyundo, kisha jaribu tena, mbele na nyuma. Anayechomeka bomba refu kwenye spana apate nguvu, huyo anajitafutia kazi ya kesho.

Haya, imeshakatika. Kuna kipande kilichochomoza? Kama kipo, hata milimita chache, una bahati. Sugua kwa brashi ya waya, kivike nati, ichomelee kwa ndani. Wengi hudhani dawa ni ile nati, maana ndiyo inayoshikwa na spana. Kumbe sehemu kubwa ya kazi inafanywa na moto: bolti inavimba, inapoa, inasinyaa, na kutu inapasuka. Iache ipoe kiasi ndipo uzungushe. Nati ikibanduka, chomelea nyingine. Betri iwe imechomolewa, paipu za petroli zimeangaliwa, na tafadhali sana: usipulizie dawa ya kusafishia breki halafu ukawasha moto. Zile zenye klorini zikiungua hutoa fosijini, gesi ya sumu inayoharibu mapafu.

Mtaniuliza, kwa nini tusiipashe moto hedi yenyewe? Hedi nyingi ni za aluminiamu, nayo hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo joto la wastani linasaidia. Lakini aluminiamu tupu huyeyuka kwenye nyuzijoto 660, ya hedi hata chini ya hapo, na haiwi nyekundu kwanza ili ikuonye. Chuma kitakuonyesha rangi. Aluminiamu itadondoka tu.

Ikikatika chini kabisa, unabaki na drili. Piga alama katikati kwa sentapanchi, ile pini ngumu ya kugongea alama, na hapo usione haya kupoteza muda, maana biti hupenda kukimbilia kwenye aluminiamu iliyo laini. Anza na biti ndogo. Kwa bolti ya milimita 8 ambayo meno yake yameachana milimita 1.25, biti ya mwisho ni milimita 6.8; masalia ya meno yaliyobaki unayatoa taratibu, kisha unapitisha tepu, kile kifaa cha kukatia meno ndani ya tundu. Ekstrakta, kile kifaa cha kung'olea bolti iliyokatika, mimi siipendi. Chuma chake ni kigumu lakini huvunjika ghafla, na ikikatikia ndani, biti ya kawaida haiitoboi. Utaitamani ile bolti ya mwanzo.

Bolti mpya ipakeni grisi ya shaba. Ila meno yenye grisi huteleza: ukikaza kwa kipimo cha nguvu cha meno makavu, unaivuta kupita kiasi, kwa hiyo punguza. Sasa sogeeni mezani, hedi ile pale, na nati ziko kwenye kopo.