Kuwasha na kuzima assert kwenye Java

Karibu tena, ndugu mtazamaji. Leo tunashughulika na assert ya Java, mstari unaokagua kama sharti fulani ni kweli na kusimamisha programu lisipotimia, kitu ambacho wengi tunakiandika kisha tunadhani kinatulinda, kumbe kimelala.

Fungua terminali. Nina faili dogo, Pochi.java. Salio linaanza na 1000, ninatoa 1500, halafu chini yake kuna mstari huu:

assert salio >= 0 : "Salio hasi: " + salio;

Kompaili kwa javac Pochi.java, kisha endesha java Pochi. Unaona? Imechapa -500, kimya, kama vile hakuna kilichoharibika. Java imekuwa hivi tangu assert ilipoingia na toleo la 1.4, mwaka 2002: usipoiwasha, inarukwa tu.

Sasa andika java -ea Pochi; -ea ni kifupi cha enable assertions, yaani washa assert. Hakuna haja ya kukompaili upya. Hapo programu inasimama na AssertionError, na ujumbe wetu "Salio hasi: -500" huo hapo, pamoja na namba ya mstari wenyewe.

Angalia vizuri -ea imekaa wapi: kabla ya jina la klasi. Ukiandika java Pochi -ea, Java inaipeleka kwenye main kama hoja ya kawaida, na assert zinaendelea kulala. Wengi wanakwama hapa.

Mradi ukiwa mkubwa, chagua sehemu: -ea:duka.malipo... kwa vitone vitatu huwasha pakeji hiyo na zilizo ndani yake. Ukitaka kuacha klasi moja, ongeza -da:duka.malipo.Risiti; -da ni kinyume cha -ea, huzima.

Ukitumia IntelliJ IDEA, weka -ea kwenye VM options za mipangilio ya kuendesha programu. Maven Surefire, programu-jalizi ya Maven inayoendesha majaribio, huiwasha yenyewe, ndiyo maana jaribio linaweza kuanguka huku programu ileile ikipita salama.

Na hili nakuomba sana, usiweke kazi ndani ya assert. Mimi niliwahi kuandika assert foleni.remove(oda). Kwangu ilikwenda vizuri, maana -ea ilikuwa imewashwa. Kwenye seva ilikuwa imezimwa, na oda zikabaki kwenye foleni, zikashughulikiwa mara mbili. Nilikesha nikitafuta. Andika hivi:

boolean imetoka = foleni.remove(oda);
assert imetoka;

Na data anayoingiza mteja usiikague kwa assert. Tumia if, kisha throw IllegalArgumentException, maana hiyo haizimwi.