Shule ya umma haitakiwi kuomba laiki

Haya jamani tuanze, mliosimama nyuma viti vipo huku mbele. Nimeombwa niongelee hizi linki tunazotumiwa na shule za watoto, "tupigieni kura kila siku tupate hela ya maktaba". Wengi mnabonyeza, hata mimi nabonyeza, sio dhambi, ila leo tuangalie huu mchezo unachezwaje.

Hapa Marekani mwaka 2010 ndo ulipamba moto. Pepsi waliacha kutangaza kwenye Super Bowl, ile fainali ya futiboli ya Kimarekani, wao waliokuwa hawakosi miaka 23 mfululizo, wakasema dola milioni 20 tutawapa watu wenye mawazo mazuri, pigeni kura. Mwaka huohuo Kohl's, haya maduka ya nguo tunaponunua masweta, wakaweka dola milioni 10 kwa shule 20, kila moja laki tano, na kura zinapigwa Facebook. Sasa kumbukeni 2008 uchumi ulianguka, majimbo yamekata bajeti, walimu wanapunguzwa, halafu anatokea mtu na laki tano mkononi, we kama mwalimu mkuu utakataa? Hukatai.

Sheria ya Kohl's ilikuwa kila mtu ana kura 20 na shule moja huipi zaidi ya 5, kwahiyo una 15 zimebaki, unazifanyia nini? Unaenda kwa shule nyingine, nipigie nikupigie. Na shule za binafsi ziliruhusiwa kuingia, matokeo yakatoka, washindi wengi ni shule ndogo za kidini ambazo waumini wenzao wako dunia nzima na wote wakapiga. Mimi siwalaumu hata kidogo, walijipanga. Lakini shule ya umma kwenye mtaa wa wapangaji, mzazi ana shifti mbili na kompyuta hana, ingepata wapi hizo kura? Ni michango ya harusi tu hii, mwenye namba nyingi kwenye simu ndo kamati yake inajaa. Kura haikuuliza paa la nani linavuja, iliuliza nani ana watu.

Na kampuni inapata nini? Inapata nyinyi. Kila ukimtumia shangazi yako linki umeitangaza bure, na walimu wanafanya kazi hiyo hiyo baada ya vipindi, wanabandika karatasi, wanakumbusha. Shule ikikosa, hakuna anayewalipa ule muda. Hata Pepsi wenyewe walipoona mauzo hayapandi mradi ukaja kufa, hela za namna hii hazina mwaka wa pili, huwezi kuajiri nesi wa shule kwa hela ya kura.

Sasa sisi tuko Ohio, na hapa ndo penye utamu. Hela ya shule zetu sehemu kubwa inatoka kwenye kodi ya majengo, mtaa wa nyumba za bei mbaya shule inashiba, mtaa wa kwetu inabana. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya jimbo, kesi inaitwa DeRolph, ilisema mfumo huu unavunja katiba ya Ohio, ikarudia tena 2000 na 2002. Mahakama imesema mara tatu nzima, na bado tunatumiana linki!

Kuna kura nyingine ambayo haina zawadi wala Facebook, ile ya kukubali au kukataa kodi ya shule, wanaita levi, inapigwa kwenye uchaguzi wa kawaida na mara nyingi watu wachache hujitokeza, wenye uraia humu ndani mko wengi mjue. Ambao bado makaratasi, mkutano wa bodi ya shule uko wazi kwa mtu yeyote, kawaida unajiandikisha mapema unapewa dakika chache za kuongea, Kiingereza kikikusumbua ulizia mkalimani kabla. Mama Asha ameshainua mkono toka nusu saa, haya mama, uliza.