Theluji ya Zermatt: Mnaniuliza Mje Lini, Leo Najibu

Habari zenu ndugu zangu, na shikamooni wakubwa zangu. Leo sitembei popote, nimekaa hapa jikoni kwangu kwa sababu komenti zimekuwa nyingi na karibu zote zinauliza jambo moja kuhusu Zermatt, kijiji cha milimani huku Uswisi ambako watu wanakuja kuteleza kwenye theluji: "Dada, theluji huko Zermatt inaanza lini? Tukate tiketi ya tarehe ngapi?" Hata nikiweka video ya bei ya vitunguu, mtu anauliza theluji.

Kabla sijajibu, tuelewane. Najua kuna watakaosema naringa, na kuna watakaosema nalalamika, kwamba kama Ulaya ni kugumu si nirudi Moshi. Wote nawasikia. Mimi nafua na kupiga pasi mashuka ya hoteli. Naishi Visp, huku bondeni, kwa sababu kodi ya nyumba Zermatt siiwezi, na alfajiri napanda treni kwenda kazini. Theluji kwangu ni kazi. Ikizidi, njia inafungwa na sifiki. Ikikosekana, wageni wanapungua na saa zangu za kazi zinapunguzwa. Kwa hiyo utabiri wa hali ya hewa nausoma kila siku kwa sababu ya mshahara wangu.

Sasa jibu. Tarehe hakuna. Atakayekuahidi theluji ya tarehe fulani, miezi mitatu kabla, anakudanganya. Utabiri wa siku mbili tatu mbele mimi nauamini. Wa siku tano nausoma nikijua unaweza kugeuka. Wa wiki mbili unakupa mwelekeo tu, usiulipie hoteli.

Na hapo ndipo penye maumivu, kwa sababu viza haisubiri utabiri. Viza ya Schengen, ile ya kuingia Uswisi na nchi nyingi za Ulaya, unaweza kuiomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Wanataka kuona mahali utakapolala, wanataka kuona mpango wa safari, wanataka bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Maana yake unaamua tarehe wakati hakuna mtu duniani anayejua kama siku hiyo mlimani patakuwa na theluji, mvua au upepo. Hili linaniudhi sana, na naliona halizungumzwi. Picha za theluji mnaonyeshwa, lakini hakuna anayewaambia kwamba mtu wa kutoka nyumbani hawezi kufanya kama Mjerumani, anayeangalia simu Alhamisi usiku, akaona theluji inakuja, akawasha gari Ijumaa.

Msidhani ni sisi tu tunaoteseka na hili. Hapa walipanga mashindano makubwa ya Kombe la Dunia la kuteleza kwenye theluji kwa skii, mbio zinazoanzia juu upande wa Uswisi na kumalizikia upande wa Italia. Mwaka 2022 mbio zote 4 zilifutwa kwa sababu ya joto na uhaba wa theluji upande wa chini. Mwaka 2023 wakasogeza tarehe hadi katikati ya Novemba, na mbio zote 4 zikafutwa tena, safari hii kwa theluji kuzidi na upepo mkali. Hizo ni mbio 8 na hakuna hata moja iliyokimbiwa, pamoja na wataalamu wao wote na mitambo yao yote. Baadaye zikaondolewa kwenye ratiba. Halafu wewe unataka mimi, mfua mashuka, nikuhakikishie tarehe 20 Desemba?

Ninachoweza kukuambia ni hiki: ukishindwa kuchagua siku, chagua kimo. Watu wa Moshi mtanielewa haraka. Kijiji cha Zermatt kiko mita 1,600 na kidogo, yaani chini ya geti la Marangu la kupandia Kilimanjaro. Lakini ukipanda magari ya waya, yale yanayoning'inia kwenye nyaya, hadi kituo cha Klein Matterhorn unafika zaidi ya mita 3,800, juu kuliko kambi ya Horombo. Kule kuna barafu ya kudumu, na watu wanateleza hata Julai. Ndiyo maana unaweza kusikia "Zermatt kuna theluji" na "Zermatt hakuna theluji" siku moja, na wote wawili wanasema kweli. Mmoja yuko kijijini kwenye matope, mwingine yuko juu. Kila ukipanda mita 1,000, baridi inaongezeka kwa nyuzi kama 6 au 7. Vijiji vingine vya kuteleza viko chini ya mita 1,500, na huko mwaka mbaya unakuta ukanda mmoja mweupe wa theluji ya mashine katikati ya majani. Januari 2023 wanamichezo walishindana Adelboden katika hali hiyo hiyo, ukanda mweupe na pembeni nyasi. Ukisafiri kutoka mbali kwa pesa za kuungaunga, mimi nisingekushauri vijiji vya chini. Lakini huo ni mtazamo wangu, kila mtu na mfuko wake. Vya chini ni rahisi kweli.

Ukisoma utabiri, usiangalie alama ya kipande cha theluji peke yake. Mimi naanza na kimo ambacho joto linafika sifuri. Theluji kwa kawaida inashuka mita mia mbili au tatu chini ya hapo, kisha inakuwa mvua. Wakisema sifuri iko mita 2,200, basi Zermatt kijijini jiandae kulowa. Kisha naangalia upepo, kwa sababu theluji inaweza kuwa nzuri kabisa na magari ya waya yasiende. Kuna upepo wa joto unaitwa Föhn, unavuka milima kutoka kusini, na ukivuma kwa nguvu vituo vya juu vinafungwa. Na msisome utabiri wa Zürich mkadhani ni wa huku. Zermatt imepakana na Italia, theluji zake kubwa nyingi zinatokea upande wa kusini, na Zürich siku hiyo inaweza kuwa na jua.

Theluji nyingi pia si neema. Januari 2018 theluji ilianguka hadi kiwango cha hatari ya maporomoko ya theluji kikafika 5, ambacho ndicho cha mwisho. Barabara na reli vikafungwa, wageni kama 13,000 wakakwama kijijini, na helikopta zikaanza kuwatoa. Aprili 2025, Alhamisi Kuu, siku 3 kabla ya Pasaka, theluji nzito ilikata njia tena, na umeme nao ukakatika sehemu za kijiji. Siku kama hizo mgeni mwenye viza yenye tarehe ya mwisho anachanganyikiwa. Ndiyo maana nasema usipange kuondoka siku ile ile viza inapoisha. Acha nafasi.

Kuhusu hayo maporomoko, hapa sitanii. SLF, taasisi ya utafiti wa theluji na maporomoko iliyoko Davos, inatoa taarifa ya hatari kila siku wakati wa baridi saa 11 jioni, na asubuhi saa 2 inairudia. Viwango ni 5. Watu wanaogopa 4 na 5, wanakaa ndani. Wengi wanakufa kwenye kiwango cha 3, kwa sababu jua linawaka, theluji inang'aa, na wanaona wenzao wamepita. Njia za kuteleza zilizowekewa alama, bluu kwa wanaoanza, nyekundu, nyeusi, zinalindwa na zinafungwa zikiwa hatari. Nje ya hapo uko peke yako. Kuna kijana aliniandikia anataka kuja kupiga video nje ya njia. Mdogo wangu, nakuomba, usifanye hivyo. Na bima ile ya viza uisome vizuri, nyingi hazilipi michezo ya theluji, na helikopta ya uokoaji inakula maelfu ya faranga.

Pesa nyingine mnazijua, sitarudia habari za nauli ya ndege. Ila tiketi ya magari ya waya inakaribia faranga 100 kwa siku, na bei inapanda siku zenye watu wengi. Bado hujakodi skii na viatu, bado hujamlipa mwalimu. Krismasi na likizo za Februari ndiyo ghali kuliko zote. Ingekuwa mimi ningechagua katikati ya Januari kwa bei, au Machi kwa jua na siku ndefu. Ingekuwa mimi. Mwenye watoto wa shule hawezi kufuata hilo.

La mwisho ni hizi barua za mwaliko mnazotaka niwasainie kwa ajili ya viza. Ndugu mmoja, simtaji, nilimwambia siwezi kusaini, akaenda kutangaza kwenye ukoo kwamba nimejaa roho mbaya tangu nifike Ulaya. Liliniuma, na bado linaniuma. Hapa Uswisi wakitaka dhamana, anayesaini anabeba gharama za mgeni hadi faranga 30,000: matibabu asiyolipa, maisha yake, na kurudishwa kwake. Mguu ukivunjika mlimani, deni linaweza kuja kwenye mlango wangu, mimi ninayelipwa kwa saa. Kwa hiyo anayetaka barua asiandike kwenye komenti. Anipigie simu tuongee kindugu, aniambie ana bima gani na anarudi lini, na kama nitakataa, asiende kusema mengine.