Namna ya Kuchora Mchakato wa Kazi Ukasomeka: Mfano wa Ghala la Asali, Tabora

Karibuni, watazamaji. Maelekezo haya ninayarekodi nikiwa Tabora mjini, na mfano nitakaoutumia mwanzo hadi mwisho ni kazi ambayo wengi mkoani hapa wanaifahamu. Asali iliyorinwa Sikonge, Urambo au Uyui inafikishwa katika ghala la kikundi, inapimwa, inapokelewa au inarudishwa, na mfugaji wa nyuki analipwa. Tunataka kuichora kazi hiyo ili mtunza ghala, mhasibu na katibu wa kikundi waweze kuisoma bila mchoraji kusimama pembeni akiwafafanulia.

Nalisisitiza hilo kwa sababu mchoro wangu wa kwanza wa namna hii ulishindwa hapo. Haukuwa na kosa la utaratibu hata moja, lakini mtunza ghala aliutazama siku moja tu, kisha akarudi kuwauliza wenzake kila ndoo ilipofika. Nilidhani tatizo ni wingi wa visanduku, nikavipunguza, na bado haukusomeka. Ilinichukua muda kutambua kwamba kinachomchosha msomaji zaidi ni njia panda: mahali kazi inapogawanyika na mahali inapokutana tena. Kwa hiyo sehemu kubwa ya video hii itakuwa hapo.

Hatua ya kwanza ni kuchagua alama chache. Tutatumia alama za BPMN, yaani mfumo wa alama za kuchora michakato ya kazi, ambazo toleo lake la 2.0 lilitolewa na shirika la Object Management Group mwaka 2011 na kufanywa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2013. Alama hizo ni nyingi sana, lakini kwa ghala letu sita zinatosha: duara la mstari mwembamba pale kazi inapoanzia, duara la mstari mnene pale inapoishia, kisanduku chenye pembe za mviringo kwa kila tendo, mshale unaoonyesha kinachofuata, na almasi za aina mbili, ambazo ndizo njia panda zetu. Almasi yenye alama ya X inamaanisha kwamba kazi itapita njia moja tu. Almasi yenye alama ya kujumlisha inamaanisha kwamba njia zote zitafanyika, yoyote itakayotangulia. Ipo na ya tatu, yenye duara ndani, inayoruhusu njia moja au zaidi, na hiyo ninawaomba muiache. Njia zake zinapokutana tena, msomaji hawezi kujua asubiri nini mpaka arudi nyuma kukagua ni zipi zilizofunguliwa. Jan Mendling, Hajo Reijers na Wil van der Aalst, waliochapisha kanuni saba za uchoraji wa michakato mwaka 2010, nao wanashauri iepukwe.

Hatua ya pili ni fupi. Weka mwanzo mmoja na mwisho mmoja. Mwanzo wetu ni "Ndoo imefika ghalani" na mwisho wetu ni "Hesabu ya ndoo imefungwa".

Hatua ya tatu ni kuandika majina ya visanduku, na hapa Kiswahili chetu cha ofisini kinatuponza. Tumezoea kuandika "Upimaji wa asali", "Ukaguzi", "Malipo ya mfugaji". Lisome tena hilo la mwisho ukiwa mhasibu mgeni: je, mfugaji analipwa, au mfugaji ndiye anayelipa ada ya kikundi? Maneno hayo matatu yanabeba maana zote mbili, na aliyeyaandika haoni utata kwa kuwa jibu analo kichwani. Futa jina hilo, andika tendo na kinachotendwa: "Mlipe mfugaji". Vivyo hivyo "Upimaji wa asali" haisemi kama tunapima kilo au tunapima maji yaliyomo, wakati vipimo hivyo vinafanywa kwa vifaa viwili tofauti, mzani na refraktomita. Andika "Pima uzito wa asali" katika kisanduku kimoja na "Pima maji ya asali" katika kingine. Nionavyo mimi, lugha yetu imejaliwa katika jambo hili, kwa sababu kiambishi kidogo kama "m" katika "mlipe" kinatosha kuonyesha nani anatendewa.

Sasa tufike kwenye njia panda. Tazama skrini. Ndoo ikishafika, ninachora almasi ya kujumlisha, kwa sababu uzito na maji vinaweza kupimwa na watu wawili kwa wakati mmoja. Vipimo vyote viwili vikikamilika, ninazikutanisha njia hizo katika almasi nyingine ya kujumlisha. Baada yake ninachora almasi ya X na kuandika swali juu yake: "Je, maji yamezidi asilimia 20?" Kiwango hicho ndicho cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kwa asali ya kawaida, na asali inayokizidi ina hatari ya kuchacha. Yakizidi, tendo ni "Mrudishie mfugaji ndoo". Yasipozidi, tendo ni "Mimina asali kwenye pipa", kisha "Mlipe mfugaji". Njia hizo mbili ninazifunga kwa almasi ya X, halafu ninamalizia kwa duara nene.

Kanuni ni kwamba kilichofunguliwa kwa almasi ya aina moja kifungwe kwa almasi ya aina hiyo hiyo. Ukiifungua kwa X na kuifunga kwa kujumlisha, mchoro utasubiri njia zote mbili zifike ilhali ndoo imepita moja, na hesabu haitafungwa kamwe. Kosa la kinyume ni baya zaidi kwa mfuko wa kikundi. Ukizifungua njia za uzito na maji kwa kujumlisha, kisha ukazifunga kwa X, kila njia itapita kivyake bila kuisubiri nyenzake, yote yanayofuata yatafanyika mara mbili, na kwa mujibu wa mchoro mfugaji atalipwa mara mbili kwa ndoo moja. Binadamu ghalani atalistukia kosa hilo, lakini programu ya kompyuta inayofuata mchoro kama ulivyo haitalistukia.

Pia usitoe mishale mitano katika almasi moja, wala usirundike njia za pamoja bila sababu. Ukiweka pande mbili zinazokwenda pamoja, kila upande ukiwa na matendo matatu, matendo hayo sita yanaweza kufuatana kwa namna 20, na msomaji makini hujikuta anajaribu kuziwaza zote. Kama kwa kweli mtu mmoja ndiye anayefanya matendo yote sita, yapange katika mstari mmoja.

Katika mpangilio wa karatasi, elekeza mishale kutoka kushoto kwenda kulia na uhakikishe haikatizani. Almasi inayofungua na inayofunga ukizipaka rangi moja, msomaji mgeni ataziona kuwa ni jozi mara moja, ila kumbuka kwamba nakala za steshenari mara nyingi hutoka nyeusi na nyeupe, hivyo zipe pia namba moja. Mchoro ukizidi alama 50, ugawe: kazi ya kuchuja na kufungasha, kwa mfano, iwe kisanduku kimoja hapa na mchoro wake kamili katika karatasi nyingine.

Hatua ya mwisho ni kuujaribu, na tafadhali msiiruke. Mpe mchoro mtu ambaye hakushiriki kuuchora, nawe ukae kimya. Muulize maswali mawili: "Ndoo yenye maji asilimia 22 itaishia wapi?" na "Je, mfugaji anaweza kulipwa kabla uzito haujapimwa?" Mwambie ajibu huku akifuatisha mishale kwa kidole. Kidole kikisimama au kikirudi nyuma, usimweleze kwa mdomo. Weka alama ya penseli pale kiliposita, mshukuru, kisha uichore upya njia panda hiyo na umtafute msomaji mwingine.