Kufunga kiyoyozi cha nyumbani: gesi haiishi, inavuja

Habari za asubuhi, mafundi, na nyinyi wenye nyumba mliokuja kusikiliza.

Naanza na maneno ambayo kila fundi wa Pwani ameshayasikia: "Fundi, gesi imeisha tena, njoo uongeze." Gesi ya kiyoyozi haiishi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ile ile, miaka nenda miaka rudi. Ikipungua, pana mahali inapita, na mara nyingi mahali hapo palitengenezwa siku ile ile ya kufunga. Ndiyo maana leo nitakawia kwenye mabomba kuliko kwingine.

Tuchukue mashine moja tusije tukatawanyika: ya ukutani, yenye kipande cha ndani na cha nje, BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza), gesi ya R32, chumba cha kulala. Iwe Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, hewa ni ile ile, ya unyevu na chumvi.

Ukuta kwanza. Mashine ya nje ina kilo 25 hadi 35, na inatetemeka kila ikiwaka. Kwenye tofali la saruji lenye matundu, bolti ya kutanuka inashika ganda jembamba tu. Mtikisiko unalimega kidogo kidogo mpaka siku mashine inaning'inia. Hapo pitisha bolti ya milimita 10 ng'ambo hadi ng'ambo, weka bamba la chuma upande wa ndani, kisha kaza. Kwenye nyumba za mawe ya matumbawe usihesabu unene wa lipu ya chokaa, maana haibebi kitu. Mabano yawe ya chuma kisichoshika kutu au yaliyochovywa zinki. Yale ya kupakwa rangi yanaliwa na chumvi kuanzia kwenye matundu ya bolti. Weka mipira chini ya miguu. Na kama ni ghorofani, vaa mkanda, kamba ifungwe kwenye nguzo au boriti. Nondo za dirisha si mahali pa kufungia uhai wa mtu.

Tundu la kupitishia mabomba, kipenyo cha milimita 65, liinamie nje kwa milimita 5 hadi 10. Likiinamia ndani, maji ya mvua yanafuata mabomba hadi kitandani. Kabla ya kutoboa, hakikisha hakuna nyaya za umeme zilizozikwa hapo. Tazama swichi na soketi zilizo juu na chini ya usawa huo. Bomba la maji ya jasho, yale yanayodondoka kwenye kipande cha ndani, lishuke angalau sentimita moja kwa kila mita, bila kupanda popote, maana msimu wa joto mashine hii inaweza kutoa lita moja na zaidi kwa saa. Mwaga lita moja kwenye trei ya ndani, utoke nje uyaone yakitoka. Ncha isizame kwenye ndoo wala isiunganishwe moja kwa moja na bomba la choo; harufu itapanda chumbani.

Sasa mabomba. Mashine hii inatumia shaba ya inchi 1/4 na 3/8, unene wa ukuta wake angalau milimita 0.8. Tukiwa nyuzi 30, mashine ikiwa imezimwa, R32 inakaa kwenye presha ya baa 18 hivi; R22, gesi ya zamani, ilikuwa 11 hivi. Kwa hiyo shaba nyembamba ya mtumba, au nati iliyozoea R22, haina kazi hapa.

Kata kwa kikatio cha gurudumu, si kwa msumeno. Elekeza mdomo wa bomba chini, ndipo ukwangue ukingo wa ndani, ili vumbi la shaba lisiingie. Tia nati kwanza, kisha tanua mdomo. (Mnacheka, lakini kila mmoja wenu ameshaisahau nati hiyo.) Mdomo uwe duara sawasawa, unang'aa, bila ufa. Paka tone la mafuta ya kompresa (pampu inayobana gesi) mgongoni mwake, anza nati kwa vidole, halafu tumia spana mbili: moja inashika, ya pili inakaza. Kwa spana ya kupimia nguvu, inchi 1/4 ni kama Nm (niutoni-mita) 14 hadi 18, na 3/8 ni 34 hadi 42. Wengi wanadhani kukaza mno ni usalama. Shaba ikibanwa mno inakonda shingoni, na miezi michache baadaye inapasuka pale pale. Ndiyo ile "gesi imeisha tena".

Valvu za mashine zikiwa bado zimefungwa, jaribu kwa naitrojeni kupitia regyuleta, usizidishe kiwango kilichoandikwa kwenye kibao cha mashine. Pakaza povu la sabuni kwenye kila nati, subiri saa nzima. Presha ikishuka baa 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto iliyopungua, hiyo ni hali ya hewa. Ikizidi hapo, unavuja. Oksijeni usiiguse kabisa kwa kazi hii: ikikutana na mafuta chini ya presha, inalipuka.

Baada ya naitrojeni, pampu ya vakyumu, ya kunyonya hewa na unyevu vitoke mabombani. Ile tabia ya kufungua valvu kidogo ili gesi isukume hewa nje inaacha maji ndani. Mafuta ya kompresa hizi yananyonya unyevu, unageuka asidi, na asidi inakula nyaya za mota. Vuta mpaka maikroni 500 (kipimo cha hewa kidogo iliyobaki) kwa kipimo cha dijitali. Sindano ya geji ya kawaida haioni mambo hayo. Funga pampu, subiri dakika 10. Ikipanda bila kusimama, pana tundu. Ikipanda kidogo ikatulia, ni unyevu, endelea kuvuta. Ndipo ufungue valvu. Gesi ya kiwandani kwa kawaida inatosha mita 5 za bomba. Zikizidi, ongeza kwa mizani kama kibao kinavyosema.

Umeme: laini yake peke yake toka kwenye bodi ya breka, waya wa milimita 2.5 za mraba, breka ya ampea 16 au 20, swichi ya kukata nyaya zote mbili, na waya wa ardhi uliopimwa. Weka kinga ya voltiji inayochelewesha umeme kuingia kwenye mashine kwa dakika tatu. Umeme wetu ukikatika na kurudi papo hapo, kompresa inaamka presha haijasawazika.

Kuna aliyeuliza kuhusu kuhamisha mashine. Ukirudisha gesi kwenye mashine ya nje, zima kompresa kabla ya kulegeza bomba lolote. Ikiwa bado inazunguka na bomba liko wazi, inanyonya hewa, hewa na mafuta vinabanwa pamoja, na kompresa inaweza kupasuka usoni pako.

Na nyinyi wenye nyumba: kiyoyozi hiki kinazungusha hewa ile ile ya chumba, hakiingizi mpya. Jiko la mkaa lisiwashwe humo, na jenereta isikae karibu na dirisha.