Pedi za Barafu na Ugomvi wa Chumvi

NEEMA: Nilipanga tuanze na salamu za wasikilizaji, lakini mwenzangu ameingia studio na kitambaa cha mtoto begani, kwa hiyo salamu zitasubiri. Hongera, baba.

BAKARI: Ahsante, dada. Ni binti, na mama ni mzima. Nianze kwa kusema kabisa, wifi yako ameniruhusu kuongea yote nitakayoongea leo. Nilimsomea orodha, akaniongezea mengine mawili.

NEEMA: Wifi yangu namjua, hana kona kona. Haya, wiki imekwendaje?

BAKARI: Wiki yote nimehangaika na barafu na mabeseni. Mtoto alikuja salama, ila mama alichanika, wakamshona. Tukarudi nyumbani. Kila mgeni anayeingia anauliza mtoto ana kilo ngapi, kafanana na nani. Mama yake anakaa kwa upande mmoja, kiganja kimoja amekibana kwenye godoro ili uzito usishuke chini, na hakuna aliyemuuliza anakaaje. Hilo liliniuma, dada. Liliniuma kweli.

NEEMA: Na uzazi wa kwanza kwa njia ya kawaida, wengi huchanika kwa kiasi fulani. Sisi wakunga tunapanga kwa madaraja manne. La kwanza ni ngozi tu. La pili linafika kwenye misuli ya msamba, yaani pale kati ya uke na njia ya haja kubwa. La tatu linagusa ule msuli unaobana haja kubwa, na la nne linapita mpaka kwenye njia ya haja yenyewe. Leo tunaongea na wale wa daraja la kwanza na la pili, pamoja na walioongezewa njia, yaani waliokatwa msamba ili mtoto apite. La tatu na la nne fuata ulichoandikiwa na daktari wako, usifuate redio ya mtu.

BAKARI: Wifi yako ni la pili.

NEEMA: Basi nimekuja na masomo matano: barafu, maji ya vuguvugu, choo, matiti, na mshono wa upasuaji. Tuanze na barafu. Uliitengenezaje?

BAKARI: Nilitumia zile pedi kubwa za uzazi. Unaifungua pedi lakini huibandui ile karatasi ya nyuma. Unapaka jeli ya alovera juu, safu nyembamba, isiyo na manukato wala spiriti. Unanyunyizia maji yaliyochemshwa yakapoa, kiasi cha kulowanisha tu. Unaikunja, unaifunga kwenye mfuko safi, friza.

NEEMA: Kunyunyizia, siyo kumwagia. Pedi ikishiba maji kabla hajaivaa, damu ya uzazi itakwenda wapi? Na ile alovera ni ya kuleta ubaridi na unyevu. Asije mtu akasema inaunganisha nyuzi. Wengine humwagia maji ya mmea wa hamamelisi, ushahidi wake ni mdogo. Kinachofanya kazi pale ni baridi yenyewe: mishipa midogo ya damu inajibana, uvimbe unapungua, na neva zinapeleka taarifa ya maumivu polepole.

BAKARI: Sasa ngoja nikwambie la friza. Baba yangu amekuja kumwona mjukuu. Akaenda kutafuta barafu ya maji ya kunywa, akafungua friza, akakuta vifurushi vimepangwa. Akatoka nacho kimoja mkononi mpaka sebuleni, mbele ya wageni: "Hivi ni vya nani?"

NEEMA: Ukamjibu nini?

BAKARI: Nikamjibu kama kilivyo. "Ni vya mkweo, baba. Ana mshono." Mzee akanyamaza kidogo, akakirudisha. Toka siku ile yeye ndiye mlinzi wa friza. Mtu akigusa mlango tu, anaulizwa anataka nini. Jioni anapita kuhesabu. "Bakari! Zimebaki mbili!"

NEEMA: Mkwe huyo apewe tuzo.

BAKARI: Yaani nipo bafuni, nasikia, "Bakari! Zimebaki mbili!"

NEEMA: Lakini sikiliza, kwa sababu hapo mzee ameshika jambo ambalo nimelisema miaka yote nikiwa wodini. Mzazi akishaanza kuomba, amechelewa. Ataomba mara ya kwanza, mara ya pili ataona anasumbua watu, mara ya tatu atavumilia. Vitu hivi havina ugumu wowote kuvitengeneza. Ugumu ni viwepo saa anapovihitaji, na saa hizo mara nyingi ni usiku, mtoto yuko ziwani.

BAKARI: Ndiyo maana mzee akaweka utaratibu. Zilizoganda ziko kulia, mpya zinaingia kushoto. Mfuko wa nje ameuandika kwa kalamu ya wino mzito, "Za Mama." Na kuna kitu kingine amegundua.

NEEMA: Mzee tena?

BAKARI: Mzee tena. Aliona natoa pedi imeganda imenyooka kama ubao. Akasema, mwili wa mtu haujanyooka hivyo. Akachukua chupa ya maji, akailaza ndani ya friza, akaniambia nizigandishe zimelala juu ya mgongo wa chupa, zipate mpindo. Wifi yako alipoivaa ile ya kwanza iliyopinda, alifumba macho akasema, "Mwambieni baba ahsante."

NEEMA: Mimi mkunga sikuwahi kuifikiria hiyo. Chupa imelazwa?

BAKARI: Imelazwa. Pedi inakunjwa kwa urefu wake juu ya chupa, upande wa kuvaa ukiwa ndani ya mpindo...

NEEMA: Hapana, upande wa kuvaa uwe nje. Fikiria inavyokaa. Mwili uko juu, pedi inaupokea kwa chini, ncha zake zinapanda mbele na nyuma.

BAKARI: Ncha zikipanda, basi upande wa kuvaa uko ndani ya mpindo. Dada, kunja kiganja chako kama unateka maji. Ngozi ya kiganja iko wapi?

NEEMA: Ehe. Ndani. Haya, mzee yuko sahihi.

BAKARI: Nitamfikishia.

NEEMA: Sasa niseme ya usalama, maana naona friza inatumalizia muda. Barafu haigusi ngozi moja kwa moja. Weka kitambaa chembamba safi katikati, kwa sababu baridi kali inaunguza ngozi kama moto unavyounguza. Akiitoa kwenye friza aiache dakika chache ilegee. Aivae dakika 10 hadi 20, aitoe, apumzishe ngozi angalau saa moja ndipo arudie. Kama alichomwa sindano ya ganzi na chini bado pamekufa ganzi, asubiri, kwa sababu hatasikia ikimuunguza. Na pedi iliyotumika inatupwa, hairudi friza.

BAKARI: Mpaka lini?

NEEMA: Siku mbili tatu za mwanzo ndipo uvimbe unapokuwa mkali, na ndipo baridi inaposaidia zaidi. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2022 wa huduma baada ya kujifungua, linasema mama anaweza kupewa vitu vya baridi kwa maumivu ya msamba kama mwenyewe anapenda. Kama mwenyewe anapenda! Akisema hataki baridi, usimlazimishe kwa sababu umeshajaza friza. Mwongozo huohuo unaitaja parasetamoli ya kumeza kuwa dawa ya kwanza kwa maumivu hayo. Mzazi anayeumia anywe dawa kwa kipimo alichoelekezwa. Kuvumilia hakumponyeshi haraka.

BAKARI: Wifi yako alikuwa anaogopa kumeza, anasema itamfikia mtoto.

NEEMA: Parasetamoli inaruhusiwa kwa anayenyonyesha. Inayoingia kwenye maziwa ni kidogo sana. Twende kwenye beseni.

BAKARI: Beseni limekuja baada ya zile siku za barafu. Linaoshwa kwa sabuni, linasuuzwa, na halifanyi kazi nyingine yoyote. Maji ya vuguvugu, unayapima kwa kiwiko, yafunike msamba anapokaa. Dakika 10 hadi 15, mara mbili tatu kwa siku. Mara ya kwanza nilisimama mlangoni, kwa sababu mtu aliyepoteza damu anaweza kuona kizunguzungu akiinuka. Halafu anajikausha kwa kugusagusa na taulo laini, bila kusugua. Na chumvi kidogo ndani ya maji.

NEEMA: Chumvi ya nini?

BAKARI: Ya kusafisha kidonda.

NEEMA: Bakari, maji matupu yanatosha. Uingereza mwaka 1988 walilifanyia utafiti jambo hili. Wazazi waligawanywa, wengine wakaoga maji yenye chumvi, wengine yenye dawa ya kuua vijidudu, wengine maji matupu. Maumivu na kupona kwa kidonda vikawa sawa.

BAKARI: Kama vilikuwa sawa, basi chumvi haikumdhuru mtu.

NEEMA: Wala haikumsaidia.

BAKARI: Lakini mke wangu anasema akikaa kwenye maji yenye chumvi anasikia nafuu kuliko kwenye maji matupu. Yeye ndiye mwenye kidonda. Wewe umesema sasa hivi, "kama mwenyewe anapenda." Kwa barafu anasikilizwa, kwa chumvi hasikilizwi?

NEEMA: Sijasema asisikilizwe. Nasema nimeona yanayofuata. Leo ni kijiko kimoja. Jirani akisikia anaweka viganja viwili, ngozi inakauka na kuwasha. Mwingine anaona chumvi ni dhaifu, anamimina dawa ya kusafishia sakafu. Nimeshamhudumia mama aliyeungua namna hiyo. Na kuna lililo baya zaidi: watu wakiamini chumvi inatibu, hawakiangalii kidonda. Kinanuka, wanaongeza chumvi.

BAKARI: Hayo ni makosa ya wengine. Mimi nazungumzia chumvi kidogo, beseni safi, na mtu anayekiangalia kidonda kila siku kwa kioo cha mkononi. Dada, huwezi kumnyang'anya mzazi kitu kinachompa nafuu kwa sababu jirani hajui kipimo.

NEEMA: Mimi nikiongea hapa naongea na jirani pia. Nikisema "chumvi kidogo," kila mtu ana kidogo chake. Nikisema maji matupu, hakuna wa kukosea.

BAKARI: Na mimi nikimwambia mke wangu aache kinachomtuliza, wakati utafiti wako wenyewe unasema hakina madhara, nitakuwa nimemsaidia nini?

NEEMA: Utakuwa umempunguzia kazi isiyo na faida.

BAKARI: Kazi naifanya mimi.

NEEMA: Sikubali, Bakari.

BAKARI: Nami sikubali.

NEEMA: Basi tupite. La kukojoa, haraka. Mkojo ukipita kwenye kidonda unachoma. Chukua chupa laini ya kubonyeza, jaza maji ya vuguvugu, bonyeza yatiririke kuanzia mbele kwenda nyuma wakati uleule anapokojoa. Na anywe maji ya kutosha, mkojo ukiwa mwepesi hauchomi sana. Wengi hujinyima maji ili wasiende chooni, halafu choo kinakuwa kigumu, wanateseka mara mbili.

BAKARI: Hilo la choo kikubwa ndilo alilokuwa analiogopa kuliko yote. Aliniambia ana hofu nyuzi zitakatika.

NEEMA: Hazikatiki kirahisi hivyo. Achukue pedi safi au kitambaa safi, aushikilie msamba kwa mbele wakati anasukuma, taratibu. Akiwa kwenye choo cha kukaa, miguu iwe juu ya kigoda, magoti yapande kuliko nyonga. Akibanwa asiahirishe. Kama siku zinapita bila choo, amwambie mhudumu, kuna dawa za kulainisha ambazo anayenyonyesha anaruhusiwa.

BAKARI: Fundi mitambo ananionyesha vidole viwili.

NEEMA: Dakika mbili! Matiti hatujayagusa.

BAKARI: Na kuna dada wa upasuaji aliyetuandikia wiki iliyopita.

NEEMA: Dada, mshono wako wa tumbo tutauongelea peke yake, siwezi kuupitia mbio. Dakika hizi natumia kwa dalili za hatari, kwa sababu hizo haziwezi kungoja. Damu inayolowanisha pedi nzima ndani ya saa moja au chini ya hapo. Mabonge makubwa ya damu. Homa ya nyuzi 38 au zaidi. Harufu mbaya, usaha, mshono ulioachia, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Kichwa kinachouma sana au macho kuona ukungu. Mguu mmoja kuvimba na kuuma. Kifua kubana, kukosa pumzi. Degedege. Hapo hakuna barafu wala beseni, ni hospitali muda huohuo, hata kama ni usiku.

BAKARI: Na kama yote yako sawa, arudi lini?

NEEMA: Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka aonwe ndani ya saa 24 za mwanzo, kisha kati ya saa 48 na 72, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha wiki ya 6. Ile ya wiki ya 6 ndiyo watu wanayoiruka, wanasema ameshapona. Aende, na aombe msamba uangaliwe, siyo mtoto tu apimwe uzito.

BAKARI: Sisi siku ya 7 ni kesho. Nitamuuliza mkunga wake habari za chumvi.

NEEMA: Muulize. Akikwambia maji matupu?

BAKARI: Nitamuuliza na mke wangu pia.

NEEMA: Haya, fundi amesimama kabisa. Matiti na upasuaji ni kipindi kijacho, na salamu zenu nazo.